Shehena Moja, Kigeu Kimoja

Mtu apangaye katika kompyuta mtiririko wa kazi ya biashara, yaani nani aanze, nani apokee na nani aidhinishe, aghalabu humaliza fikira zake zote katika hatua na mishale, asiulize habari zenyewe zitahifadhiwa vipi zikitoka mkono huu kwenda mkono ule. Na kwa maoni yangu hapo ndipo mipango mingi mizuri huharibikia.

Tutazame kazi ya wakala wa forodha katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam. Shehena ina hati yake, ina mwenyewe, ina thamani, tena ina makontena, na kila kontena lina uzito wake, lakiri yake, na nambari ya herufi 4 na tarakimu 7, ambayo tarakimu yake ya mwisho ni ya kuhakiki zote zilizotangulia. Mpangaji mwenye haraka huunda vigeu, yaani nafasi zenye jina za kuhifadhia habari: kigeu cha nambari, kigeu cha uzito na kigeu cha lakiri, na maadamu kontena ni moja, hapati taabu. Yakija mengi, huunda orodha 3 zinazokwenda sambamba. Kisha karani akafuta kontena la 4 katika orodha ya nambari, asilifute katika zile nyingine, na kuanzia nafasi hiyo ya 4 kila lakiri husomwa kwa kontena lisilo lake, wala kioo hakitoi onyo lolote, kwa kuwa mbele ya kompyuta kila orodha i sahihi peke yake.

Dawa ya maradhi haya ni kongwe. Lugha ya COBOL, ambayo maelezo yake yalitolewa mwaka 1960 kwa ajili ya hesabu za biashara, iliwawezesha watu kuandika rekodi: jina kuu katika daraja la 01, na chini yake sehemu zake katika madaraja ya nambari kubwa zaidi. Kwa desturi hiyo, shehena huwa kigeu kimoja, na ndani yake imo orodha moja ya makontena, kila kontena likiwa limefungamana na nambari, uzito na lakiri yake, hata likifutwa huondoka na vyake vyote.

Walakini fungu la habari kama hili nalo lina hatari yake, na hii huwafika hata mafundi. Tuseme njia ya kazi imegawanyika, huku ushuru unalipwa na huku mizigo inakaguliwa kwa wakati mmoja, na kila upande umechukua nakala ya shehena nzima. Mlipaji huandika risiti akairudisha nakala yake. Baadaye mkaguzi huirudisha ya kwake, ambayo haina risiti, na malipo yakafutika bila ya mtu kukusudia. Kwa hiyo ni sharti kila upande upewe fungu lake dogo, moja la malipo na moja la ukaguzi, yaunganishwe pale njia zinapokutana.

Wala si vyema kuijaza shehena kila kitu. Picha za hati na zibaki katika hazina ya data, kigeu kibebe anwani zake pamoja na zile habari chache ambazo kwazo hatua ifuatayo itaamuliwa, kwani mitambo mingi ya kuendesha mitiririko ya kazi huweka kumbukumbu ya kigeu kila kinapobadilika, na picha iliyomo ndani yake huenda ikahifadhiwa upya kila mara.