Gari latoa hewa moto? Usikimbilie kujaza gesi

Msomaji, hebu fikiria umetoka Kakamega saa sita mchana ukielekea Kisumu. Nyuma umewabeba watoto watatu pamoja na nyanya yao. Mpaka Chavakali, mpaka Mbale, hakuna anayelalamika, kwani huko juu upepo haukosi. Lakini mkishaipita Kiboswa na kuanza kuteremka kuelekea ziwani, joto linawapokea kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Unafunga madirisha, unabonyeza kitufe cha AC, unangoja. Kinachotoka ni hewa vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe. Nyanya anauliza, kwa upole wake, iwapo hiyo ndiyo mashine uliyojisifia siku uliyolileta gari nyumbani.

Hayo yamenipata mimi. Gari langu ni dogo, la mitumba kutoka Japani, kama mengi unayoyaona hapa mjini. Nililipeleka kwa fundi mmoja ambaye hata kabla boneti haijasimama sawasawa alikuwa amekwisha toa hukumu. "Gesi imeisha, mzee. Tunajaza tu." Akajaza, nikalipa, nikarudi nyumbani nimepoa kama mtungi. Wiki tatu baadaye joto likarudi. Akajaza tena. Mara ya tatu baridi haikumaliza siku kumi, na safari hii nilisikia chini ya boneti mlio wa chuma kinachosaga chuma. Kompresa ilikuwa imekwama. Pesa za kununulia nyingine zilitoka kwenye karo ya kifungua mimba wetu, na mama watoto hajaisahau habari hiyo mpaka leo.

Kosa langu lilikuwa kuamini neno hilo moja, "imeisha". Gesi ya AC haiishi kama petroli. Petroli huchomwa, ikatoka kwa ekzosi. Gesi ya AC haichomwi wala hailiwi na chochote. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, nenda rudi. Gari dogo huhitaji kiasi cha gramu 400 hadi 700, na gramu hizo zinaweza kufanya kazi miaka mingi, ingawa hata gari zima hupoteza kidogo kidogo kupitia mipira na viungo vyake. Ikiwa imepungua ndani ya wiki tatu, basi ipo mahali inatoroka. Na wahenga walikwisha tuambia kuhusu ufa na ukuta.

Ili uelewe fundi anachokifanya, yafaa ujue gesi inapita wapi. Kompresa, inayozungushwa na ukanda wa injini, huikandamiza gesi mpaka ikapata moto mkali. Gesi hiyo hupelekwa kwenye kondensa, ile sahani yenye mapezi membamba iliyo mbele ya radieta. Hapo upepo huipoza, nayo hugeuka kuwa majimaji. Majimaji hupitia kichungi kinachoitwa draya, ambacho kazi yake ni kunyonya unyevu, kisha husukumwa kwenye valvu yenye tundu dogo sana karibu na dashibodi. Yakishapenya tundu hilo presha huanguka ghafla, majimaji huchemka na kuwa gesi tena ndani ya kikaango kingine cha mapezi kiitwacho ivaporeta, na katika kuchemka huko huvuta joto lote la hewa inayopulizwa na feni. Bila shaka muuguzi amewahi kukupaka spiriti kabla ya kukudunga sindano. Spiriti ilikauka na ngozi ikasikia baridi. Ndiyo kanuni yenyewe.

Sasa sikiliza jambo ambalo fundi wangu wa kwanza hakunieleza. Kompresa haina tangi lake la oili kama injini. Oili yake husafiri pamoja na gesi, ikizunguka nayo. Gesi inapovuja, oili nayo hutoka kidogo kidogo. Ukijaza gesi peke yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaizungusha kompresa karibu ikiwa kavu. Hivyo ndivyo yangu ilivyokufa.

Kabla hujaenda kwa fundi yeyote, yapo mambo unayoweza kuyatazama mwenyewe bila kufungua nati hata moja. Kwanza washa feni mpaka mwisho. Je, upepo unakuja kwa nguvu? Ukija kwa unyonge, tazama kichungi cha hewa ambacho katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, mbele ya abiria. Vumbi jekundu la njia zetu za ndani hukiziba upesi. Changu kilikuwa na majani makavu ya mkaratusi na manyoya ya kuku, na sijui kuku aliingilia wapi.

Kisha simama kando ya injini inayonguruma, mwenzako abonyeze kitufe cha AC. Katika magari mengi utasikia "ta!" na kuona uso wa kompresa ukianza kuzunguka. Hiyo ni klachi imeshika. (Baadhi ya magari ya karibuni hayana klachi ya namna hiyo, kwa hiyo usishtuke ukikosa mlio.) Isiposhika, shida huenda ikawa ya umeme tu: fyuzi iliyoungua, au rilei iliyochoka. Mara nyingi rilei ya honi hufanana kabisa na ya AC. Ukilinganisha namba ukakuta ni sawa, zibadilishane kwa dakika moja na usikilize. Lakini jua pia kwamba ipo swichi ya presha inayoikataza kompresa kuwaka ikiwa gesi imepungua mno. Swichi hiyo imewekwa kuiokoa kompresa. Fundi atakayekuambia aunganishe nyaya aipite swichi hiyo "ili iwake tu", mshukuru na uondoke.

Je, AC yako ni baridi mkiwa mwendoni, ikageuka moto mkisimama kwenye msongamano? Hapo usiishuku gesi kwanza. Tazama feni ya kondensa kama inazunguka, kisha tazama kondensa yenyewe. Gari linalopita Shinyalu na Malava msimu wa mvua hubeba matope, wadudu na nyasi kwenye mapezi hayo. Yaoshe kwa maji ya mpira wa kawaida. Mashine ya presha ya kuoshea magari huyalaza mapezi hayo kama nyasi baada ya mvua ya mawe, na upepo haupiti tena.

Jaribio la mwisho ni la mkono. AC ikiwa imewaka kwa dakika tano hivi, gusa kwa uangalifu mabomba mawili yanayoingia ukutani mwa dashibodi, mikono ikiwa mbali na ukanda na feni. Bomba nene yafaa liwe baridi, likitokwa na jasho. Lile jembamba liwe na joto. Yote mawili yakiwa sawa, ama gesi ni kidogo ama kompresa haisukumi. Lakini bomba nene likiwa baridi kabisa na hewa ya ndani bado ni moto, mfumo wa gesi huenda hauna kasoro. Ndani ya dashibodi kuna kilango kinachochanganya hewa baridi na ile ya moto inayotoka kwenye hita. Kikikwama upande wa moto, unaweza kujaza gesi mpaka Krismasi usipate baridi.

Fundi wangu wa pili alikuwa mzee aliyejifunza kazi kwenye magari ya kubebea samaki wa barafu kule Kisumu. Yule wa kwanza, aliyekuwa kijana, aliniita mzee. Huyu mzee akaniita kijana wangu. Hakushika chupa ya gesi kwanza. Alishika tochi. Alipita kiungo baada ya kiungo akitafuta vumbi lililogandamana na mafuta, kwa kuwa gesi inapotoroka huacha oili mlangoni, na vumbi hunasa hapo. Maji yanayodondoka chini ya gari wakati AC imewaka hakuyajali: huo ni unyevu wa hewa, ni afya. Alipopashuku mahali fulani kwenye kondensa, akajaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni. Povu likaanza kuchemka polepole kama uji. Akafungua, akanitolea oringi, kipete cha mpira kilichokauka na kupasuka.

"Hii ndiyo iliyokula kompresa yako, kijana wangu."

Kipete hicho bei yake haifiki sahani ya ugali na omena.

Niliketi nikatazama kilichofuata, na nakuomba wewe pia uketi utazame. Baada ya kubadilisha kipete na draya, mzee aliunganisha pampu ya kufyonza hewa na kuiacha ivume zaidi ya nusu saa. Mafundi wengi wenye haraka huiruka hatua hii. Hapa kwetu hewa ni nzito kwa unyevu, mvua ya alasiri hutuzuru karibu kila siku msimu ukifika, na kila kiungo kinapofunguliwa unyevu huo huingia. Ndani ya mabomba maji huganda kwenye lile tundu dogo la valvu: AC inakuwa baridi dakika ishirini, inakata, ukipumzika inarudi. Zaidi ya hayo, maji yakichanganyika na gesi na oili hutengeneza asidi inayokula chuma kutoka ndani. Pampu ikishusha presha kiasi cha kutosha, maji huchemka hata bila moto na kufyonzwa nje.

Pampu ilipozimwa, alisubiri aone kama mshale wa geji utarudi nyuma. Haukurudi. Ndipo akaweka chupa ya gesi juu ya mizani, akasoma kibandiko kilicho chini ya boneti, akatia oili kwa kipimo na gesi kwa gramu. Nilimwuliza kwa nini hatumii geji tu. Akanifunza kwamba injini ikiwa imezimwa, geji hufuata joto la siku. Maadamu kuna majimaji kidogo humo ndani, itasoma karibu sawa, gesi iwe nusu au kamili. Gesi ikizidi nayo huleta hewa moto, kwa vile kondensa inashindwa kuipoza yote.

Neno kuhusu gesi yenyewe. Magari ya zamani yalitumia R-12, ambayo iligunduliwa kuwa inatoboa tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao Kenya iliuridhia 1988, ndio uliofungua njia ya kuiondoa, na kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 viwanda vikahamia R-134a. Hiyo haigusi ozoni, lakini kilo yake moja hewani huchangia joto la dunia kama zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu mataifa yalikutana jirani hapa, Kigali, Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Magari mapya mengi hutumia R-1234yf. Hizi hazichanganywi, soma kibandiko.

Yupo atakayekunong'oneza kwamba gesi ya kupikia hufanya kazi ileile kwa bei nafuu. Ni kweli, hupoza. Lakini ivaporeta ikitoboka, gesi hiyo inaingia mlimo watoto wako, na cheche moja inatosha. Wala usikubali fundi achomelee bomba lenye gesi ya kawaida ndani yake, kwani ikikutana na moto hutoa moshi wa sumu. Ukiwa na gari la haibridi, uliza kuhusu oili pia. Kompresa ya mengi ya magari hayo huendeshwa na umeme wa nguvu nyingi na huhitaji oili isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida huiharibu, na fundi anaweza kupigwa na umeme.

Utaniambia kwamba Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, msitu uko karibu, AC ya nini? Nilisema hivyohivyo, nikaizima yangu tangu Pasaka hadi Desemba. Mzee aliniambia huko ndiko vipete hukaukia. Oili isipozungushwa, mipira hukosa mafuta, husinyaa na kupasuka. Dakika kumi kwa wiki, hata siku ya baridi, zatosha.

Halafu kuna mvua. Usiku mmoja, kabla AC haijapona, tulikuwa tukirudi kutoka Webuye, watu watano ndani, madirisha yamefungwa, mvua inamwagika. Kioo cha mbele kikajaa ukungu. Mama watoto akawa anakipangusa kwa leso, nami naendesha kwa kuchungulia kupitia kijiduara. Karibu na Lubao bodaboda isiyo na taa ikatokea ndani ya kijiduara hicho. Nilikwepa. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyesema neno mpaka nyumbani. AC hukausha hewa kabla ya kuipoza vizuri. Ukiiwasha pamoja na hita ukielekeza upepo kwenye kioo, ukungu huondoka kwa dakika chache. Siku hiyo kitufe nilikuwa nacho. Gesi ilikuwa imetoroka.

Juma lililopita tulishuka tena Kisumu, watoto watatu na nyanya yao. Tulipoipita Kiboswa nilibonyeza kitufe. Kufika Kondele, nyanya alikuwa amejifunika leso mpaka masikioni, akauliza kama mashine hiyo haina mahali pa kuipunguza.