Bakuli la mita 500 lililozidiwa na mboni ya jicho

Mkoani Guizhou, China, kuna darubini ya redio iitwayo FAST. Bakuli lake lina upana wa mita 500, na tangu 2016 hakuna sahani moja ya aina yake iliyolizidi duniani. Lakini likipokea mawimbi ya sentimita 21 yatokayo kwenye haidrojeni ya angani, halioni vizuri kama wewe. Linatenganisha vitu vilivyoachana karibu dakika 3 za pembe (digrii moja ina dakika 60). Jicho zima la binadamu hutenganisha dakika 1.

Mwenye kosa ni wimbi. Mwanga ukipita tunduni husambaa pembeni, kama maji ya bahari yaingiayo kwenye lango la bandari, na nukta hugeuka doa. Ukitaka kujua doa litakuwa dogo kiasi gani, usipime tundu kwa rula. Hesabu mawimbi mangapi yanaenea humo. FAST hutumia takriban mita 300 za bakuli kwa wakati mmoja, yaani mawimbi 1,400 hivi. Mboni ya milimita 2.5 inabeba mawimbi 4,500 ya mwanga wa kijani. Ndiyo maana taa mbili za lori barabarani usiku huanza kuonekana mbili likiwa umbali wa kilomita 5 hivi. Kabla ya hapo ni taa moja.

Wa mwisho kwa ukali wa kuona ni nyuki, maskini. Kila kijicho kati ya vijicho vingi vinavyounda jicho lake kina upana wa maikromita 25 hivi, mawimbi hayafiki hata 50, kwa hiyo huona kwa hatua za digrii nzima. Nasi tungekuwa na macho ya muundo huo, kwa uoni wetu huu huu, kila jicho lingehitaji upana wa mita kadhaa.

 

Bingwa wa ardhini ni Event Horizon Telescope, mtandao wa sahani kutoka Hawaii hadi Hispania ulioifanya dunia nzima kuwa tundu moja. Mwaka 2019 ulitoa picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87. Mwaka 2024 ukashuka kwa majaribio hadi mawimbi ya milimita 0.87; mtandao mzima ukiyatumia, utaweza kutambua kitu cha ukubwa wa kizibo cha soda juu ya mwezi.

Kwenye hadubini, ukuta wa udogo unaoweza kuonekana uliwekwa na mwanafizikia Ernst Abbe mwaka 1873 mjini Jena, Ujerumani: takriban nanomita 200, na fomula yake imechongwa kwenye jiwe la ukumbusho huko huko. Stefan Hell alipendekeza njia ya kuupita mwaka 1994, akashiriki Nobeli ya kemia ya 2014. Hakuubana mwanga kupita kikomo cha Abbe. Alizizima molekuli za jirani ili zisiwake pamoja. Jiwe la Jena halijabadilishwa hata herufi.