Tuite mchungaji au tuite gari?

Imani na nguvu zisizoonekana: sehemu ya pili

Swali lililo kichwa cha makala haya liliandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, likakunjwa mara nne na kutumbukizwa katika kapu la maswali la darasa la kipaimara hapa Ganako, Karatu. Binti aliyeliandika alieleza kwamba katika shule yao ya bweni wasichana huanguka usiku na kupiga mayowe. Akianza mmoja, hadi alfajiri wako sita. "Tuite mchungaji au tuite gari?"

Wiki iliyopita tuliona kwamba mtoto wa Karatu hakungoja wamisionari ndipo asikie habari za ulimwengu usioonekana. Wairaqw walimjua Looa, Mungu mwema, anayeonwa katika jua, na waliogopa netlangw, pepo wa chemchemi na mito. Huko Ngorongoro, Wamaasai wanauita Oldoinyo Lengai mlima wa Mungu. Kijana anayeuliza habari za mapepo anauliza alichouliza bibi yake. Kinachoniumiza ni majibu anayopewa: huyu anamwambia huo ni ushamba, yule anamwambia kila homa ina pepo wake. Wote wawili wamemnyima nafasi ya kufikiri.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 30 Januari 1962, uhuru wa Tanganyika haujatimiza miezi miwili, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, mkoani Kagera, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kikaambukiza wenzao, hata kati ya wanafunzi 159 wakaugua 95. Kuna waliotulia baada ya saa chache, na kuna waliokwenda hadi siku 16. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, mabinti wakarudi makwao, na kicheko kikafuatana nao vijijini. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, wasipate. Lakini waliandika jambo ambalo kila mlezi wa bweni angepaswa kulijua: hakuna mwalimu hata mmoja aliyeugua. Waliougua pale shuleni ni watoto, waliokuwa mbali na mama zao. Hofu iliyokosa mdomo wa kuisemea ilitokea mwilini. Mabinti wale hawakuwa wakiigiza, na kuwachapa kusingewaponya.

Mfano wa pili uko ndani ya wilaya ya Ngorongoro. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu amemwonyesha mti wa mugariga kwa ndoto. Kikombe cha dawa ya mti huo kilikuwa shilingi 500, na ilikuwa lazima upokee kwake mwenyewe, palepale. Kisukari, saratani, hata ukimwi, vyote vilitajwa. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini wakafia njiani, na madaktari walilazimika kuwasihi watu wasiache dawa zao. Mzee huyo alifariki mwaka 2021. Simtuhumu kwa ulaghai. Kwa shilingi 500 hakutajirika kama wengi waliokuja baada yake. Ninachosema ni kwamba anayetangaza uponyaji ametangaza jambo linalopimika, na wengi wetu tuliona haya kulipima, tukidhani kupima ni kukosa imani.

Someni Luka 17. Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyekagua ngozi ya mgonjwa na kutamka kama amepona. Mponyaji mwenyewe ndiye aliyewapeleka kwa mkaguzi! Naye Paulo anawaambia Wathesalonike wasidharau unabii, na papo hapo wajaribu kila kitu.

Basi binti yangu, ita gari. Mlaze mwenzako ubavu, mlegezee nguo shingoni, wengine watoke wapate hewa na wasiambukizane hofu. Malaria iliyopanda kichwani na kifafa huja kwa sura hiyohiyo, na malaria ya namna hiyo haingoji ibada imalizike. Mkiwa mnasubiri, mshike mkono, ombeni kwa sauti ya chini. Mchungaji mwenye busara ataitwa pia, naye atapanda gari lilelile. Daktari akishamwona na homa haipo, ndipo mtu mzima anayeaminika akae naye pembeni amuulize yaliyomsibu: mitihani, ada, msiba, au mtu anayemsumbua na hathubutu kumtaja.

Swali moja msimuulize, hata kama watu wazima wote wanaliuliza wakidhani wanamhoji pepo: "Nani amekutuma?" Mtoto aliyebanwa hivyo saa nane usiku atatoa jina, na jina hilo halitakuwa la mwenye nguvu. Litakuwa la mpishi mjane, au la bibi wa nyumba ya pili mwenye macho mekundu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho ya namna hiyo. Mkitaka kujua yalivyopata wekundu, nendeni jikoni kwa bibi huyo jioni, mkae dakika kumi karibu na mafiga anapopuliza kuni mbichi, kisha mtazamane machoni.

Wiki ijayo: ndoto.