Vumbi Linalobadili Mwili: Tuzijue Homoni



Mwanamume akianza kuota matiti au kupoteza hamu ya mkewe, huona aibu na kunyamaza. Wengine husema amerogwa. Kabla ya kumtafuta mchawi, tuujue mwili.

Mwilini mna homoni. Hizi ni kama matarishi: hutoka kiungo kimoja, husafiri katika damu na kupeleka amri kwingine. Korodani hutengeneza testosteroni, inayootesha ndevu, kujenga misuli na kuamsha hamu. Vifuko vya mayai vya mwanamke hutengeneza estrojeni, inayokuza matiti na, pamoja na homoni nyingine, kuongoza siku zake. Kila mtu anazo zote mbili. Tofauti ni kipimo.

Kipimo chenyewe ni kidogo mno. Vidonge vingi vya siku hizi vya kuzuia mimba vina estrojeni isiyofika sehemu moja ya ishirini ya miligramu. Kwa hiyo hata vumbi lake ni hatari.

Mwaka 1976 kilichunguzwa kiwanda cha vidonge hivyo kisiwani Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani. Kati ya wanaume 25, watano walikuwa na dalili za estrojeni kuzidi, kama kuvimba matiti. Kati ya wanawake 30, dalili zilionekana kwa 12, kama kutokwa damu nje ya siku zao. Vumbi la namna hiyo huingia kwa pumzi na kwa ngozi.

Estrojeni ikizidi kwa mwanamume, testosteroni hupungua na hamu hupungua. Mke hudhani kuna mwanamke mwingine, na ugomvi huanza. Lakini homoni si kisingizio. Mlevi anayempiga mkewe asisingizie homoni, wala msimamizi asiseme wanawake hawafai kazi kwa sababu ya homoni zao.

Ndugu wa mashambani, baadhi ya dawa za kupulizia mimea nazo huvuruga homoni. Ulizeni jina la dawa kabla ya kuichanganya.

Sote tudai mambo haya: tuelezwe tunashika nini; ziwekwe mashine za kunyonya vumbi; nguo za kazi zifuliwe kazini, zisiwafikie watoto; na mwajiri agharamie uchunguzi wa daktari. Mwenye dalili amwone daktari mapema, amweleze kazi yake, kisha amwarifu mjumbe wa chama. Mmoja akisema peke yake ataambiwa ni mgonjwa. Watano wakisema pamoja, hayo ni madai ya chama.