Santuri ya Krismasi na Baba Aliyekosa Kazi

Kila mwaka Desemba inapokaribia, makampuni ya santuri ya Marekani hutoa mikusanyiko ya nyimbo za Krismasi zilizoimbwa na waimbaji wa kantri. Kazi yenyewe si ngumu. Kampuni huchagua katika ghala yake nyimbo kumi au kumi na mbili zilizokwisha rekodiwa zamani, huzipanga upya, hutia picha ya theluji juu ya jalada, kisha huziuza tena. Mnunuzi asidhani amepata kitu kipya.

Nyingi ni nyimbo za kengele na furaha. Brenda Lee alikuwa na umri wa miaka 13 tu aliporekodi "Rockin' Around the Christmas Tree" mwaka 1958. Wimbo huo ulifika nafasi ya kwanza katika orodha kuu ya Marekani mwezi Desemba 2023, baada ya miaka 65! Jim Reeves, ambaye sauti yake ya upole yajulikana sana katika nyumba za Afrika Mashariki, alitoa santuri nzima ya Krismasi mwaka 1963, na Julai ya mwaka uliofuata akafa katika ajali ya ndege aliyokuwa akiiendesha mwenyewe.

Lakini mimi hutafuta kwanza nyimbo za huzuni. "Pretty Paper", uliotungwa na Willie Nelson na kuimbwa na Roy Orbison mwaka 1963, wamhusu kilema aliyekuwa akiuza karatasi na penseli kando ya njia mjini Fort Worth, huku watu wakimpita mbio kwenda kununua zawadi.

Na upo "If We Make It Through December" wa Merle Haggard, uliotoka mwaka 1973, wakati bei ya mafuta ilipopanda ghafula. Baba ameachishwa kazi kiwandani karibu na Krismasi, na binti yake mdogo hafahamu kwa nini mwaka huu hapana kitu. Haggard aliijua dhiki. Alizaliwa mwaka 1937, akakulia katika behewa la reli lililogeuzwa nyumba, akafiwa na baba akiwa na miaka 9, na baadaye akafungwa katika gereza la San Quentin.

Mwaka mmoja mshahara wangu ulichelewa kupita sikukuu. Binti yangu alisimama mlangoni akimtazama mtoto wa jirani katika gauni jipya, wala hakuniuliza neno. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma. Wake wa askari, ambao mara nyingi huipokea sikukuu bwana akiwa zamu ya mbali, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Katika wimbo wa Haggard, baba hapati kazi kabla ya wimbo kwisha, wala hapana tajiri abishaye hodi na kapu la vyakula. Yeye hutumaini tu kuivuka Desemba, na kuota safari ya kwenda California kwenye joto.

Basi mwenye kununua santuri ya namna hii na atazame kwanza nyuma ya jalada kama wimbo huo umo. Na ikiwa watoto hawafahamu Kiingereza, mzazi awasimulie habari za binti yule kabla ya kuupiga.