Mshale Mdogo na Duara la Njano

Sogeeni hapa kivulini, wanangu, kuna nafasi ya wote. Leo ni Alhamisi. Tuseme Jumamosi timu yenu itashindana kulenga shabaha kwa upinde, hapahapa Kisangani. Mko watatu. Pinde mnazo. Mishale mnayo. Na mioyo inadunda tangu sasa, naisikia!

Naona mkono umeinuliwa. Sema, mwanangu.

“Mjomba, kwa nini upinde? Kwa nini si bunduki?”

Swali zuri sana. Mtoto anayeuliza “kwa nini” ameshaanza kujua. Bunduki za michezo zipo. Katika Olimpiki wanalenga kwa bunduki za hewa, umbali wa mita 10, na kile kitovu cha shabaha upana wake ni nusu milimita tu. Lakini mji wetu unaijua bunduki kwa sura nyingine. Mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa siku sita, mtaa kwa mtaa, na wenyeji wengi walikufa. Wazazi wenu wanakumbuka. Ndiyo maana mimi nawapa upinde kwanza.

Tena upinde ni mali ya msitu wetu. Ukishika barabara ya Bafwasende, ukapita Nia-Nia, ukapita Epulu, ukafika Mambasa, umeingia nchi ya Wambuti na Waefe. Wambuti wengi huwinda kwa nyavu. Waefe wao huwinda kwa upinde. Huenda pamoja na mbwa asiyebweka, amevishwa kengele ya mbao shingoni, ili wawindaji wasikie yuko wapi. Na mishale yao mingi haina manyoya nyuma. Ina jani! Jani moja lililochomekwa mkiani, basi, mshale unakwenda. Mtoto wa Kiefe hupewa upinde mdogo akiwa bado mdogo, naye hushinda nao akilenga hiki na kile. Hakuna anayemharakisha.

Sasa, nani anayeujua upinde kuliko wote? Mimi? Hapana. Kocha? Hapana. Ni mshale. Basi nyamazeni kidogo, tumsikie mwenyewe.

“Hamjambo, watoto,” akasema Mshale Mdogo. “Mimi sina macho. Sijui duara la njano liko wapi. Sijui jina lako, sijui timu yako. Najua jambo moja tu: namna ulivyonituma.”

“Kumbe!” mkasema ninyi. “Sisi tulidhani unaiona shabaha.”

“Sioni kitu. Ugwe wa upinde ukiachiwa, unanisukuma mgongoni kwa nguvu. Kichwa changu ni kizito, kinachelewa kidogo. Basi katikati napinda. Napinda huku, napinda kule, naupita upinde nikiyumbayumba. Halafu manyoya yangu yanashika hewa, mkia unatulia, unafuata kichwa. Na wakati wote huo naanguka. Ndiyo, naanguka! Tangu nilipotoka, dunia inanivuta chini. Shabaha ikiwa mbali, naanguka zaidi, ndiyo maana mnaniinua kidogo zaidi.”

“Sasa wewe unapinda, tena unaanguka, utafikaje?”

“Nitafika kwa sababu nitapinda vilevile, nitaanguka vilevile, kama mkinituma vilevile. Mkono ukivuta hadi kidevuni leo, uvute hadi kidevuni kesho. Vidole vikilegea taratibu mara hii, vilegee taratibu mara ijayo. Vilevile, watoto. Vilevile.”

Mmesikia? Vilevile. Neno hilo msiliache. Sasa nawapa fumbo.

Watoto wawili wamesimama mstarini. Kila mmoja ana mishale mitatu. Mvulana akapiga. Mshale wa kwanza, katikati kabisa, kwenye njano! Wote wakashangilia. Wa pili ukaenda kwenye nyeupe, pembeni kule. Wa tatu ukalala kwenye majani. Msichana naye akapiga. Mishale yake yote mitatu ikaingia kwenye bluu, chini upande wa kushoto, imebanana mahali pamoja. Hakuna hata mmoja uliogusa njano. Nani yuko tayari kwa Jumamosi?

“Mvulana! Yeye amepata katikati!”

Ngojeni, ngojeni. Mvulana amekosea mara ngapi? Mshale mmoja umefika, lakini hajui umefikaje. Mwingine umekwenda pembeni, mwingine chini. Umwambie arekebishe nini? Na msichana je? Yeye kosa lake ni moja tu. Mishale yote imekwenda mahali pamoja. Kocha atamwambia: lenga juu kidogo, kulia kidogo. Basi! Mishale itahama pamoja, itaingia kwenye njano pamoja.

“Kwa hiyo msichana ndiye aliye tayari?”

Ndiye. Kwanza mishale ikae pamoja. Kisha ndipo tuipeleke katikati. Anayehamisha shabaha yake kila baada ya mshale mmoja, mara kushoto, mara kulia, huyo anafukuza duara la njano, na duara halifukuzwi. Piga mitatu. Nenda uitazame. Uliza: imekaa pamoja? Ndipo urekebishe.

“Mjomba, lakini mimi nikisimama mstarini natetemeka. Nifanye nini?”

Umesema kweli, na kusema kweli ni ushujaa. Hebu fikirini Wagenia, wale wavuvi. Mmewaona pale kwenye maporomoko, maji yanavyopiga kelele? Wao huchomeka miti mikubwa kwenye matundu ya mwamba, wakaifunga kwa kamba za msituni, wakatundika migono yao. Maji yanakuja kwa hasira. Je, ile miti inapigana na maji? Haipigani. Je, inayafukuza? Haiyafukuzi. Imesimama tu, na mguu wake umeingia mwambani. Maji yanapita.

Basi woga wako ndio maji. Huwezi kuyazuia, na huna haja. Wewe angalia mguu wa mti. Miguu miwili, imeachana upana wa mabega, uzito umegawanyika sawa. Mabega yashuke. Vuta pumzi, toa kidogo, tulia, achia. Moyo utaendelea kudunda, ni kazi yake. Uache udunde, na wewe usimame.

“Na kama macho yangu si mazuri sana?”

Ah, hapo nina habari nzuri. Korea Kusini kuna mpiga upinde anaitwa Im Dong-hyun. Macho yake ni dhaifu sana. Shabaha ya mita 70 aliiona rangi zake zimechanganyikana. Lakini London, mwaka 2012, alipiga mishale 72 akapata alama 699. Kamili ni 720! Hakuna aliyewahi kufikisha alama hizo kabla ya siku ile. Macho hafifu, lakini mkono wa vilevile. Na wasichana wa nchi hiyo, timu yao imechukua dhahabu ya Olimpiki kila mara tangu mwaka 1988 hadi Paris mwaka 2024. Mnajua mazoezi yao mojawapo? Huenda kulenga kwenye uwanja uliojaa watu wanaopiga kelele, ili kelele wazizoee.

Nasi tutafanya hivyo. Kelele Kisangani hazinunuliwi! Leo jioni, mmoja akilenga, wengine waimbe. Wapige makofi. Wenye toleka wakipita na kengele za baiskeli, waacheni wapige. Anayelenga asigeuke.

Sasa sikilizeni kazi ya kila siku.

Leo Alhamisi, tunafanya kazi ya mwili. Simameni karibu, hatua tano tu kutoka kwenye magunia yale tuliyoyashindilia nguo kuukuu. Hakuna duara. Hakuna alama. Mnavuta, mnafumba macho, mnaachia. Mnasikia bega linafanya nini, vidole vinafanya nini.

“Tufumbe macho? Kweli, Mjomba?”

Kweli. Gunia ni kubwa na liko karibu, nyuma yake kuna kichuguu cha udongo, na mimi nimesimama hapa. Mmoja mmoja, si pamoja. Macho yakifumbwa, mwili unasema.

Kesho Ijumaa, mishale michache tu, kisha tunakagua vyombo. Shikeni kila mshale, upindeni kidogo, mbali na uso, mkisikiliza. Ukilia “krr”, una ufa. Huo tunauvunja na kuutupa, hata kama ndio mnaoupenda, maana mshale wenye ufa unaweza kupasuka mkononi. Kagueni ugwe: umechakaa? Badilisheni. Na kamwe msivute ugwe na kuuachia bila mshale. Nguvu ile ikikosa mshale wa kuichukua, inarudi kwenye upinde wenyewe, na upinde huvunjika.

Tena sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua yetu haina miadi. Manyoya yakilowa yanalala, na mshale unayumba. Basi kila mmoja awe na mfuko wa plastiki wa kufunika podo lake. Jioni mle chakula mlichozoea. Lituma na samaki inatosha. Usiku wa mashindano si usiku wa kujaribu chakula kipya. Kisha mlale mapema.

Jumamosi, sikilizeni filimbi. Hapa nataka masikio yote.

Filimbi mbili: wapigaji nendeni mstarini. Filimbi moja: anzeni. Filimbi tatu: tumemaliza, wekeni pinde chini, nendeni mkachukue mishale. Na filimbi tano au zaidi?

“Tuanze tena?”

Hapana, mwanangu. Filimbi tano ni hatari. Acha palepale. Usiseme “namalizia huu mmoja.” Shusha upinde, rudisha mshale kwenye podo. Labda mtoto amekatiza uwanjani. Labda mbuzi. Labda hatujui ni nini. Tunaacha kwanza, tunauliza baadaye. Tujaribu: mbili? “Mstarini!” Moja? “Anzeni!” Tatu? “Tukachukue!” Tano? “Acha!” Hongera! Hili nalipenda kuliko alama zote.

Na mshale hauelekezwi kwa mtu. Hata kwa mchezo. Hata kama ugwe haujavutwa.

Mkifika kwenye shabaha, mikono nyuma. Msiguse mshale, msiguse karatasi, mpaka alama ziandikwe. Nyeupe ni 1 na 2. Nyeusi ni 3 na 4. Bluu ni 5 na 6. Nyekundu ni 7 na 8. Njano ni 9 na 10. Mshale ukigusa mstari kati ya rangi mbili, unapewa alama ya juu.

“Hata ukigusa kidogo tu?”

Hata kidogo tu. Ndiyo maana hatuugusi kwanza. Ukiusogeza, nani atajua uligusa wapi?

Sasa neno la timu. Mko watatu, na alama zenu zinajumlishwa. Mmoja akipiga vibaya, msimtazame kwa macho makali. Yeye tayari anajua. Mwambieni neno moja. Neno gani?

“Vilevile!”

Eeh! Mmeshika. Msimwambie “jitahidi zaidi”, maana atabana bega. Msimwambie “usikose”, maana atafikiria kukosa. Mwambieni “vilevile”, naye atakumbuka miguu yake, pumzi yake, vidole vyake.

Mshale Mdogo ameinua tena sauti. Mwacheni amalize.

“Watoto, nikienda kwenye nyeupe msinikasirikie. Mimi nimewaletea habari. Nimewaambia bega lilikuwa wapi. Nichomoeni taratibu, mnitazame, mniulize, kisha mnitume tena.”

“Mjomba,” anauliza mdogo wenu, “na tukishindwa Jumamosi?”

Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Timu nyingine ikipata alama nyingi, tutawapa mkono na kuwapongeza, maana nao walifanya kazi. Lakini ninyi mna hesabu yenu, na hesabu hiyo haiko kwenye ubao wa mwamuzi. Leo, baada ya mishale mitatu, nyoosha vidole vyako, pima kutoka mshale wa pembeni huku hadi wa pembeni kule. Shubiri ngapi? Andika kwenye daftari. Leo pengine ni shubiri mbili. Jumamosi pima tena. Ikiwa ni shubiri moja na nusu, umesonga mbele, hata kama kikombe kimekwenda mtaa mwingine. Wiki ijayo tutaanzia hapo, kwenye shubiri moja na nusu, tukitafuta moja. Kila mmoja apime kwa mkono wake mwenyewe, wala asijilinganishe na wa jirani, kwa sababu vidole vyenu havilingani.