SOMO LA REDIO: KAZI ZA MWAKA MZIMA KATIKA KIHAMBA

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu amekwisha andika ubaoni maneno mawili ya leo: KIHAMBA na MFONGO. Yasomeni kwa sauti, mara mbili. Vema. Sasa sikilizeni, na baadaye mtausoma ukurasa huu wenyewe, polepole, mstari kwa mstari.

Mara nyingi tunasikia watu wakisema, "Zamani ardhi ilikuwa nzuri. Mtu alipanda akalala, na chakula kikaota." Je, ni kweli? Leo tutatazama shamba la jamaa moja katika mlima wa Kilimanjaro, katika karne ya kumi na tisa. Karne ni miaka mia. Karne ya kumi na tisa ilianza mwaka 1801, ikaisha mwaka 1900. Tukimaliza, kila mmoja wenu ataweza kujibu kama watu wale walilala au hawakulala.

Kihamba ni nini?

Kihamba ni shamba la Mchagga linaloizunguka nyumba yake. Kwa mbali mtu huona kama msitu, lakini akiingia ndani anaona kwamba kila mmea umewekwa na mkono wa mtu. Juu kabisa ni miti mikubwa iliyoachwa kwa kivuli, kuni na mizinga ya nyuki. Chini ya miti ni migomba. Chini ya migomba ni magimbi, viazi vikuu na mboga. Kahawa, ambayo leo tunaifikiria mara tu tunapotaja Kilimanjaro, haikuwapo bado. Ilipandwa na wamisionari mwishoni mwa karne ile.

Mpaka wa kihamba ulionyeshwa kwa mmea uitwao sale. Wingi wake ni masale. Mmea huo uliheshimiwa sana. Mtu aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la sale kuomba msamaha, na ilikuwa vigumu kumkataa.

Mbali na kihamba, jamaa ilikuwa na shamba jingine chini, karibu na tambarare, ambako joto ni kali zaidi. Huko walilima mahindi, maharage na ulezi. Basi mtu mmoja alikuwa na mashamba mawili, moja mlangoni pake na moja mbali, na kati yake mteremko mrefu wa kushuka asubuhi na kupanda jioni.

Kazi ya kila siku

Mgomba haungoji majira. Huzaa wakati wowote wa mwaka, na kwa hiyo kihamba kilikuwa ghala la jamaa. Lakini mgomba hula sana. Ukipandwa mahali pale pale mwaka baada ya mwaka bila kulishwa, mikungu yake hupungua, kisha hukoma. Wachagga walikaa katika vihamba vyao baba, mwana na mjukuu bila kuhama. Waliwezaje?

Jibu liko ndani ya nyumba. Nyumba ya siku zile ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi au majani ya migomba mpaka chini. Ndani yake walilala watu upande mmoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo upande wa pili. Katikati palikuwa na moto, na juu ya moto dari la kukaushia nafaka na kuni. Ng'ombe hawakwenda malishoni. Waliletewa chakula pale pale walipofungwa.

Nani alikileta? Wanawake. Alfajiri mama na binti zake walishuka chini kukata majani, wakayafunga mizigo mikubwa, wakapanda nayo mlimani. Waliongeza majani na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, maana vigogo hivyo vina maji mengi. Kila siku walizoa samadi na kuitia kwenye mashina ya migomba.

Hebu tufanye hesabu. Kama mama mmoja alileta mzigo mmoja tu kwa siku, ni mizigo mingapi kwa mwaka? Ni mizigo 365. Kwa miaka kumi? Ni mizigo 3,650. Sasa fikirini mizigo hiyo ilikwenda wapi. Iliingia katika tumbo la ng'ombe, ikatoka kuwa samadi, ikawa ndizi. Kwa njia hiyo rutuba ya tambarare ilihamishwa kidogo kidogo mpaka kihambani, kichwani na mgongoni mwa wanawake. Haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ardhi ile haikuchoka.

Samadi ilikuwa na thamani kubwa. Mtu mwenye ng'ombe wengi aliwaweka baadhi kwa jamaa na marafiki zake wamtunzie. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, lakini ng'ombe na ndama walibaki mali ya mwenyewe. Hivyo hata mtu asiye na ng'ombe aliweza kulisha migomba yake. Lakini msisahau kwamba mume alipopokea ng'ombe wa kutunza, ni mkewe aliyeongezewa mzigo wa majani.

Maji ya mfongo

Sababu ya pili ni maji. Mfongo ni mfereji wa kuleta maji kutoka kijito cha juu mlimani mpaka kwenye mashamba. Wingi wake ni mifongo. Wachagga waliichimba kwa majembe na vijiti vyenye ncha, wakaipitisha kandokando ya mlima, maji yakishuka taratibu. Penye shimo walitumia magogo yaliyochongwa kama mtumbwi ili maji yavuke. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa mlimani huko mwaka 1884, aliisifu sana kazi hiyo katika kitabu chake.

Mfongo ulikuwa wa ukoo wa yule aliyeuchimba kwanza, na ulikuwa na mzee wake. Mzee huyo aligawa zamu za maji. Huyu apate asubuhi, yule apate jioni. Mtu mwingine aliyetaka maji alikwenda kwa mzee na pombe, akaomba kwa adabu.

Kuchimba na kusafisha mfongo kulikuwa kazi ya wanaume. Pembe ilipopigwa, kila mwanamume mwenye kutumia maji alitoka na jembe lake. Aliyekosa bila sababu alitozwa faini au alinyimwa zamu yake. Msidhani adhabu hiyo ilikuwa ndogo. Kukosa maji wakati wa kiangazi kulikuwa kukosa ulezi, na kukosa ulezi kulikuwa kuingia katika sherehe na mashauri mikono mitupu, kama tutakavyoona.

Majira ya mwaka

Mvua kubwa ya masika huko huanguka mwezi wa Machi mpaka Mei. Kabla ya mvua kushika, jamaa ilishuka shamba la chini kutayarisha ardhi. Mvua ilipoanza, walipanda mahindi na maharage, na baadaye wakapalilia. Katika majuma hayo mama alifanya kazi mbili kwa siku moja, jembe chini na mzigo wa majani kurudi juu.

Mvua zikipungua, huja miezi ya baridi na ukungu. Wakati huo mifongo ilikuwa imejaa matope na mawe yaliyoletwa na mvua, na mahali pengine kingo zimebomoka. Pembe ilipigwa, wanaume wakaenda kuitengeneza. Mavuno ya shamba la chini yalibebwa kupandishwa mlimani na kutundikwa darini juu ya moshi, ili wadudu wasiyale.

Kisha kiangazi. Nyasi za karibu zilikauka, na wanawake walilazimika kwenda mbali zaidi kila siku. Nyakati za vita kati ya watawala wa mlima, walioitwa mangi, safari hiyo ilikuwa ya hatari, maana ng'ombe na watu walitekwa. Mahali pengine watu walichimba mapango chini ya ardhi ili wajifiche na mifugo yao. Lakini hata siku za hofu ng'ombe hula, na mtu alipaswa kwenda.

Ulezi ulipandwa katika mashamba yaliyofikiwa na maji ya mfongo, kwa hiyo haukutegemea mvua peke yake. Watoto walikuwa na kazi yao. Walilinda mashamba dhidi ya ndege na wanyama, walichota maji, na walitazama mbuzi. Ulezi uliovunwa uliloweshwa mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa, kisha ukachanganywa na ndizi mbivu zilizopikwa na kuachwa zichachuke. Hiyo ni mbege. Mbege ilikuwa malipo ya wasaidizi, heshima ya wazee, na sehemu ya ndoa na upatanisho. Jamaa isiyo na ulezi haikuwa na kitu cha kuwakaribishia watu.

Mwaka mzima, siku za gulio, wanawake walibeba ndizi na mazao mengine kwenda kubadilishana. Chuma cha majembe kilitoka Ugweno, katika milima ya Upare. Basi tukiona jembe mkononi mwa mwanamume mfongoni, tukumbuke kwamba lilitoka milima mingine, na kwamba Mchagga naye aliwahitaji jirani zake.

Nani alirithi?

Kihamba kilichotunzwa hivyo hakikuweza kukatwa kama mkate. Desturi ilimtazama sana mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa kwanza alipewa ardhi na baba yake alipooa. Wa mwisho alibaki nyumbani kuwatunza wazazi, na walipofariki alirithi nyumba ile na kihamba chake. Wa katikati mara nyingi walipaswa kutafuta ardhi mpya, kwa mangi au porini, na kuanza upya kufyeka, kupanda migomba, na kulisha udongo mpaka ushibe. Mabinti hawakurithi kihamba, ingawa mikono yao ndiyo iliyokilisha. Walipoolewa walikwenda kukilisha kingine. Watu wengi leo, wake kwa waume, wanaona kwamba sehemu hii ya desturi haikuwa haki, nami nakubaliana nao.

Tumejifunza nini?

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliweka kihamba cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima kubwa. Lakini tusiiheshimu migomba tukawasahau watu.

Turudi kwenye lile swali letu. Je, zamani mtu alipanda akalala? Hapana. Ardhi ile ilizaa miaka mingi kwa kuwa kila kilichotolewa kilirudishwa. Ndizi ilitoka, samadi ikaingia. Maji yalitumika, mfongo ukatengenezwa. Palipokosekana mikono, kihamba kilipungua nguvu baada ya miaka michache tu. Nawe unayelima leo, hata kama huna mgomba hata mmoja, jiulize jioni: leo nimetoa nini shambani, na nimerudisha nini? Na pili ujiulize: nani nyumbani kwangu amebeba mzigo, nami sikuuona?

Maswali

1. Karne ya kumi na tisa ilianza mwaka gani, ikaisha mwaka gani?
2. Kwa nini ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba?
3. Mtu aliyekosa kwenda kusafisha mfongo alipata adhabu gani?
4. Mtunzaji wa ng'ombe wa mwenzake alipata faida gani? Nani aliongezewa kazi?
5. Mama analeta mizigo miwili ya majani kila siku. Kwa siku 30 ataleta mizigo mingapi?

Kazi ya nyumbani

Mwulize mzee mmoja, babu au bibi, jinsi shamba la wazazi wake lilivyotiwa nguvu, na nani alifanya kazi gani. Andika sentensi tano katika daftari lako, uzilete darasani, umsomee jirani yako.

Kwaherini, wanafunzi, mpaka somo lijalo.